Filamu ya Patton ya 1970: yapi yalikuwa kweli, yapi yalihamishwa, yapi yaliachwa

Filamu ya Patton inaanza bila maelezo yoyote. Bendera ya Marekani imejaa skrini nzima, jenerali anapanda jukwaani, anapiga saluti, kisha anawahutubia askari ambao mtazamaji hawaoni. Kofia ya chuma inang'aa, kifua kimejaa nishani, kiunoni kuna bastola yenye mpini wa pembe ya ndovu. George C. Scott anazungumza peke yake kwa dakika kadhaa, na anapomaliza, mtazamaji ameshajiona anamfahamu George S. Patton, jenerali wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili. Filamu ilitoka mwaka 1970 chini ya mwongozaji Franklin J. Schaffner, kwa muswada wa Francis Ford Coppola na Edmund H. North. Ilipata tuzo saba za Oscar, ya mwigizaji bora ikiwemo, ingawa Scott aliikataa. Hadi leo, ukimwomba mtu akueleze Patton alikuwa mtu wa namna gani, mara nyingi atakayekueleza ni Scott.

Mabishano kuhusu ukweli wa filamu za vita huwa yanaanzia kwenye vifaru, sare na ndege. Kwa filamu hii naona huko ndiko kwenye madhara madogo kabisa. Tatizo lake kubwa liko kwenye maneno ya jenerali. Filamu inatusikilizisha kila alichosema, kwa ufundi mkubwa, lakini haituonyeshi maneno hayo yalimfikia nani na yalifanya nini.

Kwanza tuangalie kalamu ilikuwa mikononi mwa nani. Mtayarishaji, Frank McCarthy, alikuwa mwanajeshi aliyefanya kazi ofisini kwa Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, wakati wa vita. Familia ya Patton haikutaka filamu itengenezwe na haikutoa ushirikiano. Kwa hiyo muswada ulijengwa juu ya vitabu viwili: wasifu ulioandikwa na Ladislas Farago, na kumbukumbu za Jenerali Omar Bradley. Bradley huyohuyo akawa mshauri mkuu wa masuala ya kijeshi. Huyu alikuwa chini ya Patton kwenye kisiwa cha Sisilia, Italia, kisha akawa mkubwa wake Ufaransa, na wawili hao hawakuwa marafiki wa karibu kama wanavyoonekana kwenye skrini. Bradley wa filamu, aliyeigizwa na Karl Malden, ni mtu mpole mwenye busara, anayewaonea huruma askari wa kawaida na kumtuliza mwenzake mwenye papara. Huenda alikuwa hivyo kweli. Lakini ni Bradley kama alivyojieleza mwenyewe, na mtazamaji anapaswa kulijua hilo kabla taa hazijazimwa.

Hotuba ya mwanzo ni ya kweli kwa asili yake. Patton aliwahutubia askari wa Jeshi la Tatu la Marekani, aliloliongoza, huko Uingereza mara kadhaa kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa mwaka 1944, na maneno mengi ya filamu yanatoka humo. Yamepunguzwa makali, kwa sababu mengine yasingepita sinema za wakati ule. Nyota nne alizovaa Scott hazikuwepo bado. Wakati huo Patton alikuwa luteni jenerali wa nyota tatu, na ya nne aliipata Aprili 1945. Sauti pia si yake. Scott ananguruma, ilhali Patton halisi alikuwa na sauti nyembamba ya juu, na rekodi zake zipo kwa anayetaka kuzisikia. Sauti inabadilisha mengi kuliko nyota. Askari waliokuwa uwanjani walimsikia mtu mwenye sauti nyembamba akitamka matusi mazito, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya ajabu ya mtu yule. Filamu imeweka badala yake sauti ambayo tayari tunaitarajia kwa jenerali.

Vifaru nitavipitia haraka. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Hispania, kwa kuwa jeshi la nchi hiyo lilikuwa na askari na zana za kukodisha. Kwa sababu hiyo tunaona vifaru vya M47 na M48 vikipigana vyenyewe kwa vyenyewe, vingine vimepakwa alama za Kijerumani. Vyote viliundwa baada ya vita, na vyote viwili Wamarekani walivipa jina la Patton. Anayejua vifaru ataumia macho. Asiyejua hapotezi chochote cha maana, kwa sababu mtawanyiko wa mapigano, vumbi, umbali na kelele vimetengenezwa kwa uangalifu.

Mapigano ya El Guettar, Tunisia, ni suala zito zaidi. Patton alikabidhiwa Kikosi cha Pili cha Jeshi la Marekani mapema Machi 1943, baada ya Wamarekani kupigwa vibaya Kasserine mwezi Februari. Tarehe 23 Machi Divisheni ya Kwanza ya askari wa miguu ilizuia shambulio la Divisheni ya 10 ya vifaru vya Wajerumani, na huo ulikuwa ushindi wa kweli. Kwenye filamu Patton anatazama kwa darubini na kupaza sauti kwamba amekisoma kitabu cha Rommel, jenerali wa Kijerumani. Kitabu tunachoonyeshwa kando ya kitanda chake kinahusu mbinu za vifaru. Rommel hakuwahi kuchapisha kitabu kama hicho. Alichochapisha mwaka 1937 kilihusu askari wa miguu katika Vita Kuu ya Kwanza. Rommel mwenyewe alikuwa ameondoka Afrika tarehe 9 Machi, akiwa mgonjwa, na hakurudi tena. Filamu inakiri baadaye kwamba hakuwepo, na hilo ni jambo la kuisifu. Ila inamfariji Patton kwa kusema kwamba aliyeushinda mpango wa Rommel amemshinda Rommel, wakati amri ya majeshi yale ilikuwa tayari kwa jenerali mwingine wa Kijerumani, von Arnim. Sinema inataka majogoo wawili. Vita vya Tunisia vilikuwa na mizinga, mabomu ya ardhini, matope na makamanda wengi ambao leo hatuyajui majina yao.

Mvuto huohuo wa watu wawili ndio ulioibeba sehemu ya Sisilia. Tukio la jenerali wa Uingereza, Montgomery, kumweleza jenerali wa Marekani, Bedell Smith, mpango wake wa uvamizi akiwa msalani huko Algiers linaonekana kama uchekeshaji uliobuniwa, kumbe lilitokea kweli, na Montgomery mwenyewe alilisimulia. Kilichobuniwa ni mbio za kwenda Messina, mji wa Sisilia unaotazamana na bara la Italia, jinsi zilivyochorwa. Filamu inamwonyesha Montgomery akiingia mjini kwa gwaride na kumkuta Patton amesimama anamsubiri. Ukweli ni kwamba Patton aliingia Messina asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1943, Waingereza wakafika muda mfupi baadaye, na Montgomery hakuwa pamoja nao. Tena, tarehe 25 Julai majenerali hao walikutana Syracuse, na Montgomery ndiye aliyependekeza kwamba Wamarekani wauchukue mji. Patton hakuamini masikio yake, akaendelea kukimbia kana kwamba anashindana na mtu.

Jambo ambalo filamu haikuligusa ndilo ambalo mchambuzi wa vita angeanza nalo. Wakati majenerali wanafikiria nani ataingia kwanza, Wajerumani na Waitalia walivusha zaidi ya askari 100,000 na maelfu ya magari kupitia mlango-bahari wa Messina kwenda bara la Italia. Wengi wao walipigana tena. Filamu inayomaliza sura ya Sisilia kwa swali la nani amemtangulia nani imekwepa swali la nini kilipatikana.

Sasa tufike kwenye kofi, tukio ambalo wengi wanaona filamu ilikuwa na ujasiri kulionyesha. Tunamwona Patton hospitalini, anapiga magoti kwa heshima kando ya majeruhi, kisha anakutana na askari anayelia kwamba neva zimemshinda. Anampiga, anamtukana, anamfukuza. Kisha anaomba radhi, anawekwa pembeni, na sisi tunahisi uchungu wa mtu aliyepoteza hasira kwa dakika moja.

Makofi yalikuwa mawili, wiki moja ikiwa kati yao. La kwanza lilikuwa tarehe 3 Agosti, katika hospitali ya 15 ya wagonjwa wa mstari wa mbele karibu na mji wa Nicosia, Sisilia. Askari aliyepigwa siku ile alikutwa baadaye ana malaria na kuhara kwa muda mrefu. La pili lilikuwa tarehe 10 Agosti katika hospitali ya 93, kwa kijana wa kikosi cha mizinga ambaye alikuwa ameomba asiondolewe mstari wa mbele, lakini daktari akaamua aende. Patton alimtishia kwa bastola. Kati ya matukio hayo, tarehe 5 Agosti, alitoa waraka kwa makamanda wake akiagiza kwamba askari wa namna hiyo wasipelekwe hospitali, na wanaokataa kupigana washtakiwe kwa woga.

Ukiuondoa waraka huo na kuyaunganisha makofi mawili kuwa moja, umebadilisha aina ya kosa. Kwenye filamu ni hasira iliyompanda mtu aliyetoka kuona damu. Kwenye kumbukumbu ni msimamo, umeandikwa, umesainiwa na kusambazwa, halafu ukarudiwa kwa mkono. Naielewa haja ya mwandishi wa filamu. Tukio moja lina nguvu kuliko mawili. Lakini hapa ufupisho umemtetea mshtakiwa, na sidhani watazamaji wengi wanajua kwamba walisikia upande wa utetezi peke yake.

Pengo kubwa zaidi liko wiki tatu kabla ya kofi la kwanza. Tarehe 14 Julai 1943, karibu na uwanja wa ndege wa Biscari, askari wa Divisheni ya 45 waliua mateka 73 waliokwisha kusalimu amri, karibu wote Waitalia. Sajenti mmoja aliwapiga risasi 37 kwa mkono wake. Kapteni mmoja aliamuru kundi jingine lipangwe na kuuawa. Wote wawili walifikishwa mahakama ya kijeshi, na utetezi ukaielekeza mahakama kwenye hotuba: kabla ya uvamizi Patton alikuwa amewaambia maofisa wa divisheni ile kwamba adui anayeendelea kufyatua hadi umkaribie, kisha akainua mikono, asihurumiwe. Kapteni aliachiwa huru. Sajenti alihukumiwa kifungo cha maisha, adhabu ikaja kuondolewa, akarudishwa kazini. Umma haukuambiwa.

Bradley ndiye aliyempelekea Patton taarifa ya mauaji hayo. Patton aliandika kwenye shajara yake kwamba alimjibu huenda habari imetiwa chumvi, na kwamba maofisa waandike kuwa waliouawa walikuwa wadunguzi au walijaribu kutoroka. Bradley hakufuata ushauri huo, na kwa hilo anastahili heshima. Shajara ilichapishwa mwaka 1974, baada ya filamu, kwa hiyo Coppola na North hawawezi kulaumiwa kwa kutoisoma. Mshauri wao alikuwa anajua. Sijui kama aliulizwa, na simsemei. Ninachojua ni kwamba filamu inayofungua kwa hotuba ya jenerali, na inayotaka tuipende hotuba hiyo, ingebadilika kabisa kama dakika arobaini baadaye tungekaa mahakamani tukisikia hotuba nyingine ya mtu huyohuyo ikisomwa kuwa sababu ya watu kufa wakiwa wameinua mikono. Huyo angekuwa kamanda mzima. Ujasiri ulioonyeshwa kwenye kofi ulikuwa wa kukiri dogo.

Mapigano ya Ardennes, eneo la misitu la Ubelgiji ambako Wajerumani walishambulia ghafla Desemba 1944, ndiyo sehemu ambayo filamu inamtendea haki zaidi, na pia ndiyo iliyojaa uhamishaji wa ajabu. Ni kweli kwamba tarehe 19 Desemba 1944, kwenye kikao cha Verdun, Patton alisema anaweza kushambulia kwa divisheni tatu ndani ya saa 48, na wenzake hawakuamini. Ni kweli alitimiza: tarehe 22 shambulio lilianza, na tarehe 26 vifaru vya Divisheni ya Nne viliwafikia Wamarekani waliozingirwa katika mji wa Bastogne. Kuligeuza jeshi zima kwa nyuzi tisini kuelekea kaskazini, wakati wa baridi kali, kwenye barabara nyembamba, ni kazi ambayo wataalamu bado wanaisoma. Filamu inaonyesha msafara huo vizuri mno, askari wanatembea usiku kwenye theluji na jenerali anatembea nao.

Ila kwenye skrini wazo linatoka kichwani mwa Patton kama kipaji cha kunusa hatari. Jeshi la Tatu lilikuwa na ofisa wa upelelezi, Kanali Oscar Koch, aliyefuatilia divisheni za Wajerumani zilizotoweka kwenye mstari, akaeleza hatari hiyo rasmi tarehe 9 Desemba, siku saba kabla ya shambulio. Patton alimsikiliza na kuamuru mipango ianze kuandaliwa. Alipokwenda Verdun alikuwa na mipango mitatu tayari, na kilichobaki kilikuwa kupiga simu na kutaja neno la siri. Kwangu huo ni ukamanda mkubwa kuliko kunusa. Jenerali anayemwamini mpelelezi wake wakati wakubwa wake wanaona adui amekwisha, na anayewatuma maofisa wake wapige hesabu za mafuta na barabara kabla hajaombwa, ndiye wa kuigwa. Filamu ilikuwa na ukweli mzuri zaidi mkononi ikachagua hadithi ya kawaida.

Sala ya hali ya hewa ilihamishwa pia. Tunaona Ardennes imefunikwa na mawingu, ndege haziwezi kuruka, Patton anamwita kasisi na kudai sala, sala inasomwa juu ya picha za mapigano, kisha anga linafunguka. Kasisi James O'Neill alisimulia kwamba alipigiwa simu tarehe 8 Desemba, makao makuu yakiwa Nancy, katika mkoa wa Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, na kilichokuwa kinamsumbua Patton ni mvua zilizokuwa zimekwamisha jeshi lake kwa wiki nyingi. Nakala karibu 250,000 zilichapishwa na kugawiwa pamoja na salamu za Krismasi, kabla Wajerumani hawajashambulia tarehe 16. Anga la Ardennes lilisafika tarehe 23, na Patton akampa kasisi nishani. Kwa hiyo maneno ni ya kweli na mvua ni ya kweli, lakini mvua iliyoombewa ilikuwa ya Lorraine.

Na Lorraine ndiyo filamu ilikopita mbio. Kuanzia Septemba hadi Desemba 1944 Jeshi la Tatu lilipigana kwenye matope na ngome za Metz, na hasara yake ikapita watu 50,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Ni sehemu kubwa ya hasara yake yote barani Ulaya. Patton wa mwendo kasi hakuonekana pale, kwa hiyo filamu inatuonyesha uwanja mmoja wenye maiti, na tunasonga mbele.

Sababu inayotolewa kwenye filamu ya kusimama kwa jeshi mwishoni mwa Agosti ni mafuta, na ni sahihi. Tunaona vifaru vimekauka. Hatuwaoni waliokuwa wanayaleta. Msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express ulifanya kazi kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, usiku na mchana, na siku ya kilele ulibeba zaidi ya tani 12,000. Takriban robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Katika filamu ya karibu saa tatu, mtu mweusi mwenye nafasi ni mmoja: Sajenti Meeks, mtumishi wa Patton, anayeigizwa na James Edwards. Meeks alikuwepo kweli. Lakini Batalioni ya 761 ya vifaru ilikuwepo pia, kikosi cha weusi kilichojiunga na Jeshi la Tatu. Tarehe 2 Novemba 1944 Patton alisimama mbele yao akawaambia kwamba rangi yao si hoja kwake mradi waue Wajerumani. Ni hotuba tayari kwa kamera. Kwa faragha, Patton aliandika kwamba hawaamini watu weusi kuwa wepesi wa akili kiasi cha kupigana ndani ya kifaru. Batalioni ile ilikaa vitani siku 183.

Sajenti Ruben Rivers wa batalioni hiyo alipasuliwa mguu na bomu la ardhini tarehe 16 Novemba, akakataa kuondolewa, akaongoza kifaru kingine hadi alipouawa tarehe 19. Nishani ya juu kabisa ya Marekani ilimfikia Januari 1997. Weka kisa hicho karibu na lile tukio la hospitalini, ambako jenerali anafoka kuhusu ushujaa na woga, utaona jinsi filamu ilivyokuwa na jibu ndani ya jeshi lilelile na halikutumika. Sisi tuliokua tukisikia habari za babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma, na tusiwaone kwenye sinema yoyote ya Burma, hatuwezi kulipita jambo hili kimya.

Jambo la mwisho lililoachwa ni Hammelburg, Ujerumani. Mwishoni mwa Machi 1945 Patton alituma askari wapatao 300 na magari zaidi ya 50, kilomita nyingi nyuma ya mstari wa adui, kukomboa kambi ya maofisa waliotekwa. Mmoja wa waliokuwa kambini alikuwa mkwewe, Luteni Kanali John Waters. Kambi ilifikiwa, Waters akapigwa risasi na kujeruhiwa vibaya palepale, kisha Wajerumani wakauzingira msafara wakati wa kurudi. Magari yote yalipotea na askari wengi wakatekwa. Waliouawa walikuwa makumi. Patton aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakujua mapema kuwa mkwewe yumo. Barua aliyomwandikia mkewe, Beatrice, wakati msafara uko njiani, inasema ameupeleka mahali ambako John anasemekana yupo. Kambi ilikombolewa siku chache baadaye na kikosi kilichokuwa kinapita katika mwendo wake wa kawaida.